Swichi, korido na selotepu: jibu langu kwa swali la wiki

Swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi, filamu fupi ya kutisha iliyotengenezwa kwa hela ya mboga inaweza kweli kumtisha mtu kama yenye bajeti kubwa, na mkataka tutaje moja tuseme imepatia wapi na imechemka wapi. Mi sikuhangaika kutafuta, nataja Lights Out, ile fupi ya 2013 sio ile ndefu iliyokuja baadae, ya jamaa wa Uswidi anaitwa David F. Sandberg. Haifiki hata dakika tatu. Nimeiangalia mara nyingi mno, naipenda sana, na kuna kitu kimoja ndani yake kinaniuma mpaka leo, ntakifikia.

Kwa ambao hawajaiona iko hivi. Mwanamke yuko peke yake nyumbani usiku, anaenda kulala, anazima taa ya korido. Taa ikizimika anaona kule mwisho kuna kivuli cha mtu kimesimama. Anawasha, hamna kitu. Anazima, kipo. Anawasha, hakipo. Anaendelea hivyo hivyo mpaka kuna mara anazima na kivuli kiko mbele yake kabisa, yani hatua moja. Anawasha haraka, anachukua selotepu anaibana swichi isizimike, anakimbilia kitandani. Huko nako anasikia vitu, anajifunika gubigubi, taa ya pembeni ya kitanda inaanza kuzimazima, anatoa mkono tu nje ya duveti anapapasa plagi anaikandamiza kwenye soketi mpaka mwanga unatulia. Anajifunua taratibu, anaangalia mlangoni hamna mtu, anashusha pumzi. Anageuka, kumbe lile dude liko pale pale pembeni ya taa limemtolea macho, linazima. Basi imeisha. Hakuna aliyeongea hata neno moja.

Waliitengeneza nyumbani kwao, Sandberg na mke wake Lotta Losten ambae ndo anaigiza, wakaipeleka kwenye shindano la filamu fupi za kutisha la Bloody Cuts la Uingereza. Haikuchukua zawadi kubwa, Sandberg alipewa ya mwongozaji bora tu, ila baadae watu wakaanza kutumiana intaneti ikaenda dunia nzima.

Sasa imepatia wapi. Watu wengi watasema ni giza, mi nasema hapana, giza lipo kwenye kila filamu ya kutisha na kwetu huku giza halina jipya, umeme ukikatika tunapapasa mshumaa tunaendelea na maongezi. Kinachotisha hapa ni kwamba taa anaizima mwenyewe. Kidole ni chake. Amekiona kile kitu mara ya kwanza, angeweza kuacha taa inawaka akaondoka zake, lakini anazima tena ili ahakikishe, na wewe unayeangalia unataka azime, unajua kabisa itakuja kuwa mbaya ila unataka azime tena. Hapo ndo filamu inakukamata maana na wewe umeshiriki. Na kanuni yenyewe hata mtoto wa darasa la pili anaielewa bila kuambiwa, taa ikiwaka hakipo, taa ikizimika kipo, na ukishaielewa kanuni kila swichi ya nyumbani kwako inakua sehemu ya filamu. Hela haiwezi kununua hiyo.

Halafu selotepu. Naomba mniruhusu nikae hapa kidogo kwa sababu mi naona ndo kitu bora kuliko vyote mle ndani. Mtu ameona jini kwenye korido yake anafanya nini? Kwenye filamu nyingi anapiga kelele anakimbia anajikwaa. Huyu anatafuta selotepu. Ndo mtu anavyofanya akiwa ameogopa kweli na hana wa kumuita, anashika kitu kidogo anachoweza kukishika, kama bibi anavyoegemeza stuli mlangoni akijua fika stuli haizuii mwizi. Kale kapande ka selotepu kamenieleza kuhusu yule mama kuliko maneno ya ukurasa mzima.

Kitu kingine ni ujanja wa picha, maana vijana wengi wanadhani inahitaji kompyuta za ajabu. Unaweka kamera kwenye stendi haiguswi, unarekodi mtu akiwa upande mmoja, unarekodi tena upande mwingine, kwenye kuediti unaunganisha nusu ya huku na nusu ya kule inakua picha moja. Kwa sababu kamera haijatikisika na kivuli kinaonekana gizani tu, jicho halioni maungio. Yani udhaifu wao wa kukosa hela wameufanya ndo mtindo wa filamu, kamera imesimama imetulia na wewe unabaki unaikodolea ile korido.

Nasema haya kwa uchungu kidogo maana mwaka 2019 mi na wenzangu wanne tulishuti yetu Morogoro, nyumba ya shangazi wa mmoja wetu, tukachanga kama laki tatu, na nusu ya hela hiyo ikaishia kwenye wigi, lenzi za macho na damu ya bandia. Mzimu wetu ulionekana tangu dakika ya kwanza mpaka mwisho, mkali, amepambwa haswa. Sauti tulirekodi kwa simu huku feni ya chumba cha pili inazunguka, na hiyo feni ipo mwanzo mwisho, huwezi kuitoa. Tulipowaonyesha watu waliangalia kwa heshima wakasema picha ni nzuri. Hakuna aliyeogopa. Niliporudi kuiangalia hii ya Sandberg baada ya pale ndo nikasikia kwa mara ya kwanza jinsi ilivyo kimya, ile swichi inasikika tak, na baada ya tak hamna kitu, na masikio yako yenyewe yanaanza kutafuta. Wenzangu mnaotengeneza filamu na simu tafadhali sana, kabla ya wigi nunueni maiki.

Haya, ilipochemka. Kuna wanaosema ni upuuzi mtu ameona dude halafu anaenda kulala, hilo mi nalisamehe, saa saba usiku nyumbani kwako unakimbilia wapi? Wengine wanalalamika mama hana jina, hatujui anafanya kazi gani wala ana nani. Kwa dakika tatu hilo halinisumbui, na ukitaka kujua kwa nini angalia ile ndefu ya 2016. Sandberg mwenyewe aliiongoza, James Wan, mwongozaji maarufu wa filamu za kutisha, akiwa mmoja wa watayarishaji, ikatengenezwa kwa karibu dola milioni 5 ikaingiza zaidi ya milioni 140, na Lotta Losten yumo mwanzoni. Nafurahi kwa ajili yao kwa kweli. Lakini mle dude limepewa jina, Diana, limepewa historia ya hospitali, limepewa sababu. Kadiri nilivyozidi kulijua ndo nilivyozidi kulizoea.

Kinachoniuma ni ile sura ya mwisho. Dakika mbili nzima umenifundisha kwamba kwenye mwanga hakipo, nimekuamini, halafu shoti ya mwisho dude limekaa pembeni ya taa inayowaka nalitazama macho, meno na yote. Kanuni imevunjwa! Na imevunjwa sio kwa sababu hadithi imedai, ni ili mtu aruke kwenye kiti. Na ukilitazama vizuri unaona kabisa ni sura ya kutengenezwa, wakati kile kivuli cha koridoni huwezi kukikosoa maana hujakiona. Mi ningeikata pale anapokandamiza plagi. Mwanga umetulia, anajifunua, mlangoni hamna mtu, halafu tunasikia tak ya ile swichi ya koridoni aliyoibana yeye mwenyewe, taa ya kule imezimika. Kwisha.

Mdogo wangu hakubaliani na mimi kabisa, anasema bila ile sura hakuna ambaye angeituma kwa mwenzake na leo tusingekua tunaijua, na nakubali ana hoja nzito. Tulibishana mpaka tukaamua tumuonyeshe mama mdogo aliyekuja kutoka Korogwe, hajawahi kuiona. Kwenye korido alikaa kimya ameshika kanga yake. Kwenye sura alipiga ukelele mpaka jirani akaita kuuliza kuna nini, mdogo wangu akanitazama kama kashinda. Ila saa nne tulipoenda kulala nikawa napita nazima taa, mama mdogo akaniita toka chumbani, mwanangu, hiyo ya koridoni iache.