Nimepewa darasa la Kiingereza na kitabu hamna hata kimoja, nianzie wapi?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mi ni mama niko hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda, nimetokea Kivu Kusini, Kongo, shule nilisoma kwa Kifaransa na Kiingereza nilikipatia Kampala nikiuza duka. Sasa kanisani wameniomba nifundishe watu wazima Kiingereza cha kuanzia, jioni, wengine wamesoma na wengine kalamu hawajawahi kushika. Niko na ubao, chaki na simu, basi. Nianze na A B C ama grama?

JIBU: Mama, hongera na pole kwa pamoja. A B C iache kwanza, na grama nayo iache. Hao watu wametoka shambani wamechoka, ukiwajazia ubao "I am, you are, he is" mwezi mzima wataanza kupungua mmoja mmoja na hakuna atakayekwambia sababu.

Kabla ya siku ya kwanza chukua daftari, kaa na wawili watatu kati yao uwaulize kwa Kiswahili tu, wiki hii Kiingereza kimekukwamisha wapi? Utasikia sokoni, foleni ya zahanati, kwa mtu wa boda, ofisini kwenye mambo ya kadi, shuleni mwalimu wa mtoto ameita mzazi. Kila mahali hapo andika sentensi tano sita fupi, zile watu wanasema kweli, alafu kila sentensi iwe na neno moja la kubadilisha. "I want soap", "I want salt", "I want two". Hicho ndo kitabu chako, na uzuri wake wanafunzi wenyewe wamekuandikia.

Na iwe Kiingereza cha hapa. Hapa Uganda chenji wanaita "balance", na kwenye taksi, yaani matatu, ukiambiwa "extend" unasogea mwenzio akae. Mtu akikijua cha London tu atabaki amesimama mlangoni.

Siku za kwanza usiwalazimishe kuongea. Kuna Mmarekani mmoja, James Asher, mwanasaikolojia, miaka ya 1960 alishikilia kwamba mtu asikie na afanye kwa mwili kwanza, mdomo utafuata. We unasema "stand up" unasimama nao, "open the door", "give me the money", wanafanya, wanacheka, na yule asiyejua kusoma yuko sawasawa na aliyemaliza sekondari. Hiyo ndo dawa ya darasa la mchanganyiko, na haina gharama yoyote.

Somo la soko ndo ningeliweka mbele ya yote. Njoo na nyanya, sabuni, na noti za kweli, elfu moja, elfu tano, elfu kumi. Hapo kuna mtego, mama, ukae nao jioni nzima ikibidi: "fifteen" na "fifty". Sisi Waswahili tunakaza sauti silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, kwa hiyo mtu wetu anasema FIFteen na muuzaji anasikia fifty, elfu 15 inageuka elfu 50. Waambie "teen" waivute mwishoni, fifTEEN, na "FIFty" waikate fupi. Fanya hivo hivo kwa 13 na 30, 14 na 40. Mmoja auze mwingine anunue, asiyesikia vizuri apoteze nyanya, utaona watakavyokaza masikio.

Alafu hao wetu wa Kongo wanaosema "apana" watasema pia "ouse" na "ospital", wapulizie mkononi wasikie pumzi ya h. Na "he" na "she" watachanganya muda mrefu sana, baba ataitwa "she", kwetu yeye ni yeye. Usikatize mtu kwa hilo, we rudia tu sentensi yake ikiwa sawa na uendelee.

Kuandika kuje baadaye, na waandike maneno ambayo tayari wanayasema, kwa sababu Kiswahili vokali ni tano na unasoma kama ilivyoandikwa, Kiingereza sauti ni nyingi kuliko herufi, ukianza na maandishi watasoma "come" kama ko-me na kuitoa hiyo ni kazi. Picha na maneno ya kudumu andika kwa maka kwenye gunia la plastiki lililokatwa ubapa, walimu wengi hapa Uganda wanafanya hivo, halichaniki na mvua hailitishi, unakunja unaenda nalo nyumbani.

Simu itumie kurekodi sentensi za wiki uwatumie WhatsApp wenye simu, somo lenyewe usilitegemeze intaneti. Na wapo watakaodai grama, hasa waliosoma Kifaransa, wape dakika kumi za mwisho wabaki nayo wengine wakienda kupika. Chaki changisheni wote tangu wiki ya kwanza, hata shilingi mia mia, usizoee kununua peke yako.