Kupima matiti: kumbe hata wanawake wa Iran wanaogopa?

SWALI: Shangazi habari. Niko Nyalenda hapa Kisumu, miaka 43, nauza nguo Kibuye. Nesi alikuja kwa chama yetu akatuambia tuende tupimwe matiti, kati yetu 16 ni wawili tu walienda. Sasa msichana wangu anasomea uuguzi Maseno akaniambia hata huko Iran wamama wengi hawaendi, nikashangaa, nilidhani ni sisi tu. Ni dini ama ni nini? Na mimi pia naogopa sana.

JIBU: Mama, asante kwa kusema ukweli. Aibu iko, sikatai, kuna wamama wa Iran wanaokataa kuvua mbele ya daktari mwanaume, lakini usiwekee dini yote. Sikiliza sababu zao zingine utadhani wako Kibuye: sina uchungu nipimwe nini, pesa iko wapi, yote ni mapenzi ya Mungu, na je nikipatikana nayo? Hiyo ya mwisho ndiyo inaniuma, juu dadangu mkubwa alikaa na kivimbe kama punje ya maharagwe karibu mwaka mzima, hakiumi, anakifunika tu na leso, siku alituonyesha ngozi ilikuwa imeingia ndani kama imevutwa na uzi. Kansa ya titi ikianza mara nyingi haiumi mama, na hapo ndipo inatushika.

Kinachowasukuma hao wamama wa Iran kwenda, zaidi ya yote, ni daktari kumwambia mtu uso kwa uso enda upimwe, na wengi hawajawahi kuambiwa. Bwana akikubali, ama mtu wa familia akiwa aliugua, pia inasaidia. Na huko kansa ya titi inawapata mapema, kama miaka 10 mbele ya wazungu, wengi wakiwa bado kwa 40s kama wewe.

Hapa Kenya pia ndiyo kansa inayopata wanawake wengi zaidi, na mamogramu inashauriwa kuanzia miaka 40, kwa hivyo umefika. Ni eksirei tu, titi linabanwa kati ya vibao viwili sekunde chache, unasikia uchungu kidogo halafu basi. Enda wiki moja hivi baada ya hedhi, matiti hayaumi sana wakati huo, na usipake poda wala spreyi kwapani siku hiyo. Ukitaka mwanamke akupime, omba, usione aibu. Lakini kama tayari umeshika uvimbe, usingoje, enda wiki hii.

Na wale wawili wa chama, watafute wakwambie ilikuwaje, mmoja akusindikize.