Jibu: Tumeleta mfumo mpya stoo, wafanyakazi wanagoma kimyakimya

Mkuu, umesema stoo yenu ya vifaa vya ujenzi hapo Buzuruga ina kompyuta tangu mwezi wa nne, semina imefanyika, na bado mtunza stoo anaandika kwenye daftari lake. Unauliza umfukuze au umbembeleze. Nikusimulie yaliyonikuta.

Nilikuwa supavaiza wa shifti kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Wachunaji walilipwa kwa meza: watu wanane, kilo zao zinajumlishwa, mimi naandika. Uongozi ukaleta mizani ya kidijitali, kila mtu na kadi yake, kila mtu na kilo zake. Tukaitwa kantini, meneja akaonyesha picha ukutani masaa mawili, soda zikagawiwa, makofi yakapigwa. Jumatatu nusu ya kadi "zimepotea". Mbili niliziokota kwenye kreti la mapanki, yale mabaki ya samaki baada ya kutolewa minofu.

Ofisini tukasema hawa hawapendi maendeleo. Mshauri mmoja akatutajia Kotter, profesa wa Harvard mwenye hatua nane za mabadiliko. Ya kwanza, watu waone kuwa jambo ni la haraka. Sikatai. Wakongwe wa kiwandani husimulia 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria. Nani alihitaji semina ya usafi wakati soko lenyewe limefungwa? Ila sisi hatukuwa na 1999 yetu. Tulikuwa na meneja anayesema hali ni mbaya huku anashuka kwenye gari jipya.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja mchunaji, nilimkuta ananoa kisu. "Mwanangu, mimi ukinipa sangara wa kilo mbili mbili na mwenzangu ukampa wa kilo nane, hiyo mizani inapima mkono au inapima bahati?"

Nilikosa jibu. Samaki wadogo kumi wanakula muda kuliko wakubwa watatu, na mnofu wenyewe kiduchu. Kwenye malipo ya meza maumivu hayo waligawana. Kwenye kadi yanamwangukia mtu mmoja. Yule mama alikuwa amepiga hesabu ambayo ofisi nzima hatukuipiga.

Tukarudi nyuma. Samaki wakawa wanapangwa kwa ukubwa kabla ya kufika mezani, na meza zinapokezana. Tukajaribu meza moja tu, ya yule mama, kwa wiki tatu: kilo zinahesabiwa kwa njia zote mbili, analipwa ile yenye hela nyingi. Mhasibu alinuna. Lakini malipo ya wiki ya pili yalipotoka, meza za jirani wakaja wenyewe kuulizia kadi.

Sasa la aibu. Kikwazo cha mwisho nilikuwa mimi. Sikuwahi kuiba, ila mwenye daftari ana watu: huyu umemsitiri alipochelewa, yule atakukopesha ukikwama. Mizani ilininyang'anya hiyo heshima na hakuna aliyeniuliza. Nikawa nachelewesha ripoti makusudi, nasingizia umeme. Meneja alijua. Badala ya kunifokea akanikabidhi kitengo cha kupanga samaki, na fitina zangu zikaishia hapo.

Kwa hiyo huyo mzee wa stoo, kaa naye kwanza, mfungue daftari pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Nahisi humo kuna mafundi waliochukua nondo kwa ahadi ya Jumamosi, na kompyuta yenu haina pa kuwaandika. Kama hawamo, rudi hapa tuongee mengine.