Maswali na Majibu: Mtaji wa vijijini na jina la mwanamke

SWALI: Sheria yetu inamruhusu mwanamke kukopa sawa na mwanamume. Mbona wa vijijini bado wanatoka benki mikono mitupu?

JIBU: Ruhusa ya kukopa haiilazimishi benki kupokea alichonacho. Benki inataka hati ya ardhi, na hati nyingi zina jina la mume, baba au kaka. Mwanamke mwenyewe ana mashine ya kusaga, ng'ombe wa maziwa au mazao ghalani. Basi anzeni na sheria ya dhamana ya mali zinazohamishika, pamoja na rajisi (daftari la kusajili dhamana hizo) moja ya kitaifa. Ghana ilianzisha yake mwaka 2010, na UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara, ilipitisha sheria ya mfano ya aina hiyo mwaka 2016, kwa hiyo wanasheria wenu wana pa kuanzia.

Mkopeshaji husajili taarifa fupi tu: mkopaji ni nani, mali ni ipi. Aliyewahi kusajili ndiye huwahi kulipwa deni likiharibika. Mambo huvurugika kwenye jina. Rajisi ikitafutwa kwa jina pekee, "Hadija" na "Khadija" wanageuka watu wawili, na ng'ombe mmoja anawekwa rehani mara mbili. Tumieni namba ya kitambulisho (na hakikisheni kwanza kwamba wanawake wa vijijini wanavyo).

Tundu ambalo wengi hulisahau liko benki kuu. Kanuni zake za kutenga akiba ya hasara (fedha ambazo benki huweka kando mikopo isipolipwa) zikitambua ardhi na nyumba tu, mkopo uliodhaminiwa na mashine huhesabiwa kuwa hauna dhamana kabisa. Meneja wa tawi anayemkataa mama yule huenda hana ubaguzi wowote, anapiga hesabu tu. Kanuni hizo zibadilishwe pamoja na sheria, si miaka mitatu baadaye.

SWALI: Kampuni imetuletea kilimo cha mkataba. Wanawake wanapalilia na kuvuna, malipo yanaingia kwa waume. Serikali ifanye nini bila kumkimbiza mwekezaji?

JIBU: Chukueni fomu ya mkataba muisome. Mara nyingi ina mstari mmoja wa jina na inadai namba ya hati ya shamba. Anayeandikwa pale ndiye anayepata pembejeo za mkopo, mafunzo na fedha. Wizara itoe fomu ya mfano yenye mistari miwili ya wakulima, na uongozi wa kijiji uweze kuthibitisha nani analima shamba lipi pasipo hati. Stakabadhi ya mzani nayo iandike aliyeleta mzigo na akaunti yake. Mwekezaji hatakimbia: asiyelipwa hulegeza palizi, na kiwandani hufika mzigo hafifu.

SWALI: Je, kampuni za wanawake zisamehewe kodi?

JIBU: Tusingeanzia hapo. Kigezo kimoja cha 2X, mpango wa kimataifa wa kuwekeza kwa wanawake uliozinduliwa mwaka 2018, ni wanawake kumiliki asilimia 51 ya hisa. Kikisimama peke yake kwenye sheria ya kodi, wake wa wakurugenzi watakuwa wanahisa kabla mwezi haujaisha. Mkaguzi aulize nani anasaini benki na gawio liliingia akaunti ya nani. Fedha ambazo zingesamehewe ni afadhali ziende kwenye mfuko wa udhamini unaobeba, tuseme, nusu ya hasara ya benki mkopo usipolipwa. Ukibeba yote, benki haifuatilii deni. Na madai ya benki yakikaa mwaka bila kulipwa, mfuko huo hakuna atakayeutumia tena.