Taa ya kuning'inia juu ya meza: mwambie fundi aishushe

Dada, umeuliza taa ya kuning'inia ya mtindo wa miaka ya 1950 ikae kimo gani juu ya meza ya chakula, na kama itafaa nyumba yako ya Nyegezi, huku Mwanza, yenye dari ya kawaida. Itafaa, ila simama na fundi. Wengi wanaibana juu karibu na jipsamu, halafu mkikaa kula balbu inawachoma macho. Pima sentimita 60 hadi 75 kutoka mezani mpaka ukingo wa chini wa taa.

Hiyo ya visahani vilivyopangwa kwa tabaka, uliyoweka picha, ni taa iitwayo PH 5 ya mbunifu Poul Henningsen wa Denmaki, mwaka 1958. Hiyo 5 inatokana na upana wake, sentimita 50. Ujanja wake wote ni kuficha balbu: mwanga unagonga visahani kwanza, ndipo unashuka laini. Ukinunua ya kuiga, chuchumaa pale pale dukani uichungulie. Ukiiona balbu, umeuziwa sufuria.

Kingine, wadudu wa ziwani wanaofuata mwanga. Mimi nilifunga taa ya bakuli la kioo lililo wazi juu, wakatumbukia humo; wiki moja tu, kitako cheusi tii, na kulisafisha lazima upande stuli na kushikilia waya. Chukua tufe lililofungwa, au chombo kinachoelekea chini. Balbu iwe LED ya mwanga wa manjano, kwenye boksi imeandikwa 2700K. Ile nyeupe sana inafanya hata sato wa kukaanga aonekane mgonjwa.