Jibu Mwenyewe Daktari Akiuliza Umeumiaje

Sindano ilinivunjikia ndani ya kidole cha shahada nikishona mikanda ya jinzi katika kiwanda kimoja cha EPZ, yaani eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, huko Athi River, Kenya. Supavaiza alikitazama kidole, akaitazama laini ya mashine, ndipo akanifunga kitambaa. Mzigo ulikuwa wa Marekani na tageti ya siku ilikuwa bado.

Alinisindikiza kliniki, nami nikaona ni wema. Daktari alipouliza nimeumiaje, akanitangulia: "Alijichoma akishona nyumbani." Mimi, ambaye kwangu hata cherehani sina! Nikanyamaza kwa kuogopa kandarasi yangu, na neno hilo likaingia kwenye kadi.

Kwa hiyo, ukiumia, jibu mwenyewe. Mwambie mwajiri siku hiyo hiyo mbele ya mwenzako, na uone kwa macho yako ajali ikiandikwa kitabuni. Simu zetu huachwa langoni, basi nakili tarehe na saa hata kiganjani.

Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, hii tunayoiita WIBA, inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7. Matibabu ni juu ya mwajiri. Fomu ya dai ina sehemu yake na sehemu ya daktari. Akikupiga chenga kuijaza, nenda ofisi ya leba kabla miezi 12 tangu uumie haijaisha.

Ulemavu wa kudumu hupigiwa hesabu kwa mapato ya miezi 96. Tuseme unalipwa shilingi 15,000 kwa mwezi na daktari amekupa ulemavu wa asilimia 10: hiyo ni 144,000. Sasa linganisha na ile bahasha ya elfu tano unayoletewa hospitalini pamoja na karatasi ya kutia sahihi. Usitie.

Jihadhari pia na mawakili wanaokungoja getini wakitaka kukupeleka kortini. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019, dai huanzia kwa Mkurugenzi, si kortini.

Mimi niliokolewa na dada wa mashine ya jirani. Alitumia siku yake ya mapumziko kwenda nami ofisi ya leba, akaeleza alichokiona, na wakati huo bado alikuwa akifanya kazi chini ya supavaiza yule yule.