Kwa nini Lynch aliitwa msaliti

Umeuliza kwa nini simulizi za vijijini Ireland zinamwita msaliti hata mtu aliyeibiwa kweli akaenda kushtaki. Kisa cha Wildgoose Lodge, nyumba ya Edward Lynch katika jimbo la Louth, kinakujibu vizuri.

Aprili 1816 watu wa chama cha siri cha wakulima, Ribbonmen, walivamia nyumba hiyo wakitafuta silaha. Lynch alikuwa mkulima Mkatoliki kama wao. Akaenda mahakamani, akawatambua, na watatu wakanyongwa. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba genge likaja kuichoma nyumba. Wakafa watu 8, mmoja wao mtoto mchanga.

Sasa elewa mahakama ile ilikuwa ya nani machoni pa wapangaji: ya wenye ardhi, walewale waliopandisha kodi na kufukuza watu mashambani. Kupeleka jina la jirani huko kulihesabiwa kumpeleka kitanzini. Mimi siwezi kumlaumu Lynch. Alilinda nyumba yake.

Kilichofuata kiliongeza chuki. Kwa kuichoma nyumba ile walinyongwa watu 18, akiwemo mwalimu Patrick Devan, ambaye maiti yake iliachwa ikining'inia hadharani karibu na kwao. Ushahidi mwingi ulitoka kwa washiriki wenyewe waliogeuka mashahidi wa serikali ili waokoe shingo zao. Wenyeji wakashikilia kwamba baadhi ya walionyongwa hawakuwa na hatia. Kwa hiyo kumbukumbu ya kijiji ikabeba vilio viwili, cha waliochomwa na cha walionyongwa, na hasira kubwa zaidi ikawaangukia mashahidi hao.